Vimelea vya Serengeti Chini ya Mwanga wa Yavuyavu

Mwaka 1971 watafiti wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi walikuwa Serengeti wakipima damu ya wanyamapori: simba, fisi, kongoni. Kiongozi wao, Rudolf Geigy, hakuwa mgeni Tanzania; ndiye aliyeanzisha maabara ya Ifakara mwaka 1957. Katika damu ya kongoni mmoja walikuta tripanosoma, vimelea vya seli moja vinavyosambazwa na mbung'o. Vikahifadhiwa kwenye baridi kali, vikapelekwa Basel, vikaandikwa daftarini kwa jina STIB 247. Vizazi vya vimelea vile vimefugwa na kuchunguzwa katika maabara za Ulaya kwa miaka mingi kuliko umri wa kongoni yeyote.

Mfugaji wa Sirari hana habari na STIB 247, lakini ndugu zake anawafahamu. Barabara itokayo hapo mpakani mwa Kenya inashuka hadi Tarime mjini, inapita Nyamwaga na Nyamongo, na huko mbele inafika Mto Mara, ambako malisho ya ng'ombe wa Wakurya yanapakana na pori la hifadhi. Upande wa pili wa mto ni wilaya ya Serengeti. Ng'ombe aliyerudi kutoka huko akiwa ameumwa na mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, huanza kukonda ilhali anakula. Damu inapungua, manyoya yanasimama, mwisho anashindwa kuongozana na wenzake. Mwenye mali huenda duka la dawa za mifugo kuulizia Berenil au Samorin, na hapo mazungumzo hugeuka bei.

Kwa binadamu ugonjwa huo ni malale, nao katika ukanda huu ni wa nadra. Nadra, si hadithi. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, na mapema mwaka 2012 wageni wawili, mmoja wa Ujerumani na mwingine wa Ubelgiji, walirudi makwao wakiwa na vimelea walivyovipata Maasai Mara. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya, yaani ng'ambo ya pili tu ya geti la Sirari, malale si tatizo la afya ya umma tena. Tangazo hilo linahusu wagonjwa. Halisemi kwamba vimelea vimetoweka kwa mbung'o wala kwa nyati.

Hapa ndipo swali gumu linapoanzia. Kimelea kimojawapo cha ng'ombe, kile cha kongoni na cha mtu ni vya ukoo mmoja, *Trypanosoma brucei*. Vinavyokaa kwa wanyama pekee vikiingia kwenye damu ya binadamu hufa, kwa sababu damu yetu ina protini iitwayo APOL1 inayovitoboa. Vile vinavyosababisha malale ya Afrika Mashariki vimebeba jeni moja ya ziada, SRA, inayoizuia APOL1 kufanya kazi. Jeni moja. Ukiwaweka wawili hao chini ya hadubini ya kawaida, hata fundi mzoefu hawezi kusema yupi ataua mtu na yupi ataishia kwa ndama. Basi, ikiwa vimelea hivi vinaweza kujamiiana ndani ya mbung'o aliyekunywa damu ya mtu jana na ya ng'ombe juzi, jeni ya SRA inaweza kuhamia kwenye aina mpya bila mtu yeyote kujua. Je, vinajamiiana? Wapi, na kwa namna gani?

Jibu limepatikana kwa msaada wa mnyama wa baharini asiyehusika kabisa na mbung'o.

Kiangazi cha 1961 Mjapani Osamu Shimomura alifika Friday Harbor, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kuvua yavuyavu aina ya *Aequorea victoria*, ambao pembezoni mwa mwili wao huwaka kijani wakiguswa. Alitafuta kemikali inayotoa mwanga huo. Aliipata, na pembeni yake akaona protini nyingine ambayo haitoi mwanga wake yenyewe, ila ukiimulika kwa mwanga wa urujuani au buluu hukurudishia kijani. Mwaka 1962 alipochapisha matokeo, protini hiyo ilitajwa kama jambo la kando. Kwa karibu miaka 30 ilibaki hivyo.

Aliyebaini kuwa jambo la kando ndilo lenye thamani ni Douglas Prasher, aliyeinakili jeni ya protini hiyo mwaka 1992 akiwa Woods Hole. Fedha za utafiti zikamwishia. Akawagawia wenzake jeni aliyoipata. Martin Chalfie akaipandikiza kwenye bakteria na kwenye mnyoo mdogo wa maabara, na mwaka 1994 akaonyesha kwamba seli hai ikipewa jeni hiyo hung'aa bila kuongezewa chochote kutoka kwa yavuyavu. Roger Tsien akaifanyia marekebisho ing'ae zaidi na kwa rangi tofauti. Mwaka 1999 watafiti wa Urusi wakaongeza nyekundu, waliyoitoa kwenye jamii ya matumbawe. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Siku hizo Prasher alikuwa Huntsville, Alabama, akiendesha gari la kuwapeleka na kuwarudisha wateja wa duka la magari. Waliotuzwa walimtaja hadharani na kumwalika Stockholm, lakini tuzo ina nafasi tatu tu.

Protini yenyewe, ambayo maabara zote huiita GFP, ni mnyororo wa amino asidi 238 uliojikunja ukawa na umbo la pipa. Katikati ya pipa, amino asidi tatu zinazofuatana, ya 65, ya 66 na ya 67, hujifunga zenyewe kwa zenyewe na kuwa kitu chenye uwezo wa kupokea mwanga wa buluu na kutoa wa kijani. Hazihitaji kimeng'enya wala dawa ya kuongeza; zinahitaji oksijeni na muda kidogo. Hilo ndilo lililobadilisha biolojia. Kabla ya hapo, kuona kilichomo ndani ya seli kulimaanisha mara nyingi kuiua, kuikausha kwenye kioo na kuipaka rangi. Ukiwa na GFP, jeni yake unaiunganisha na jeni ya protini unayoifuatilia. Seli inapotengeneza protini hiyo, inaitengeneza ikiwa na taa ubavuni, na wewe unatazama inakokwenda huku seli ikiendelea na maisha yake. Mfugaji humpiga ng'ombe wake chapa ili amjue akichanganyika na wa jirani. Tofauti ni kwamba chapa hii hurithiwa, ndama huzaliwa nayo.

Na kurithiwa ndiko kulikohitajika kwa suala la mbung'o.

Kwamba tripanosoma hujamiiana kulithibitishwa kwanza bila taa. Mwaka 1986 kundi la Basel, likishirikiana na watafiti wa Uingereza na Ubelgiji, lilichanganya vimelea vya yule kongoni wa Serengeti, STIB 247, na vingine vilivyotoka kwa mgonjwa wa Côte d'Ivoire, kisha likavipitisha pamoja ndani ya mbung'o. Vilivyotoka upande wa pili vilikuwa na tabia za wazazi wote wawili. Kazi ilikuwa ya kupapasa gizani: unamlisha mbung'o, unasubiri wiki tatu au nne, unachukua vimelea vilivyotoka, unavitenganisha kimoja kimoja, unavizalisha ndani ya panya, halafu unalinganisha vimeng'enya na DNA. Ulijua kuwa ndoa imefungwa. Hukujua imefungwa kwenye utumbo, kwenye mate, au wapi, wala siku gani.

Wendy Gibson wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzake ndio waliowasha taa. Mwaka 2001 walionyesha njia ya kwanza, ambamo kimelea kilipewa jeni ya GFP iliyofungiwa, ikawa inawaka kwa mtoto tu, pale anaporithi jeni ya kijani bila kurithi kile kinachoizuia. Mwaka 2008 walikuja na njia iliyo rahisi hata kwa mtoto wa shule kuielewa. Mzazi mmoja alipewa protini ya kijani, mwingine nyekundu. Wakijamiiana, watoto wanaweza kurithi kijani, au nyekundu, au wasirithi yoyote. Na wengine watarithi zote mbili, nao huonekana wa njano.

Tazama kazi hiyo kwa karibu. Mbung'o hukatwa mabawa na miguu, tumbo likafunguliwa kwa sindano, na tezi za mate zikavutwa nje: nyuzi mbili nyembamba, angavu, zilizojipinda ndani ya tumbo. Zikiwekwa kwenye tone la maji ya chumvi na kufunikwa kioo chembamba, chini ya mwanga wa kawaida zinaonekana kama si kitu. Ukiwasha mwanga wa buluu, ukuta wa ndani wa tezi unaonekana umejaa vimelea vinavyojinyonganyonga, vya kijani huku, vyekundu kule. Na kati yao, wa njano. Kwenye utumbo, ambako vimelea ni wengi mara nyingi zaidi, wa njano hawakuonekana. Mahali pa kukutania ni tezi za mate.

Mwaka 2011 kundi hilo hilo lilikwenda mbali zaidi. Lilifunga protini ya njano kwenye protini ambazo viumbe huzitumia tu wakati wa meiosisi, yaani ule mgawanyiko wa seli unaotoa mbegu zenye nusu ya kromosomu. Vimelea vichache ndani ya tezi za mate vikawaka kwenye kiini. Mwaka 2014 wakaziona mbegu zenyewe: seli ndogo zenye nusu ya DNA, zikinasana kwa mikia, nyekundu na kijani, na baada ya kuchanganyikana zikawa njano. Kimelea kilichodhaniwa kwa miongo mingi kuwa hujigawanya tu katikati kama amiba kikabainika kuwa na mambo ya uzazi yanayofanana na ya viumbe wakubwa.

Kisha likaja jambo linaloigusa Tarime moja kwa moja. Mwaka 2015 Gibson na wenzake walichapisha matokeo ya kuvichanganya vimelea vya malale ya binadamu na vya mifugo ndani ya mbung'o. Baadhi ya watoto walirithi SRA. Yaani uzao wa aina ya mifugo uliweza kupata kwa kizazi kimoja ule ufunguo wa kuishi ndani ya mtu. Hoja kwamba malale ya watu inaweza kushughulikiwa hospitalini na nagana, yaani ugonjwa huo kwa mifugo, ikaachiwa idara ya mifugo, kila mtu na ofisi yake, haina pa kusimama tena, japo kibajeti ndivyo mambo yanavyoendeshwa mpaka leo.

Taa hizo hazikuishia kwenye ndoa. Mwaka 2001 Miguel Navarro na Keith Gull walizitumia kuchunguza mbinu inayofanya hadi sasa kusiwe na chanjo. Tripanosoma hujifunika koti la protini, na kinga ya mwili inapolizoea koti hilo, baadhi ya vimelea huwa tayari vimevaa jingine. Vina mamia ya jeni za makoti, lakini kwa wakati mmoja hutumia moja tu. Kwa kuifunga GFP kando ya jeni inayotumika, wawili hao waliona doa moja dogo ndani ya kiini ambamo koti la siku hushonwa. Jeni nyingine hazipewi nafasi hapo. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza wakamaliza mradi uitwao TrypTag, ambao ulichukua karibu protini zote za kimelea hiki, takribani tisa katika kila kumi, ukazifunga taa moja baada ya nyingine na kuandika kila moja inakaa wapi: mkiani, kwenye kiini, kwenye utando. Taa waliyotumia, mNeonGreen, ilitokana na mnyama mdogo wa baharini anayefanana na kisamaki chembamba, nayo ina mwangaza mkubwa kuliko GFP ya awali. Kimelea walichokitumia kilitokana na mbung'o aliyenaswa Kiboko, Kenya.

Ukifuatilia majina haya unaona ramani ya kwetu ikijitokeza. STIB 247 ni Serengeti. Kingine kinachotumika sana Bristol kilitoka kwa kondoo wa Kenya mwaka 1970 na kina namba ya EATRO, ile taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa malale iliyokuwa Tororo, Uganda. Kingine ni cha fisi wa Zambia, 1973. Maabara ya Tororo haikuwa ya kukusanya tu. Mwaka 1973 wataalamu wake, wakiwemo Mayende, Mwambu na Onyango, waliandika pamoja na Geigy kwamba wamepata kimelea cha malale ya binadamu kwa wanyama wa porini na wa kufugwa katika eneo la Musoma. Miaka hiyo kuthibitisha jambo kama hilo kulikuwa na gharama ya aina nyingine: mwaka 1958 nchini Kenya, ili kujua kama kimelea cha pongo kinaweza kumwambukiza mtu, mtu aliyejitolea alidungwa nacho. Leo SRA hutafutwa kwa kipimo cha jeni.

Lakini sifa za taa zisipitilize. Kuna mambo haiwezi, na mengine watu huidhania inaweza.

Kwanza, haipimi mgonjwa. Tripanosoma aliyemo kwenye ng'ombe wa Sirari hang'ai, kwa sababu hakuna aliyempandikizia jeni. Anayeng'aa ni yule aliyeandaliwa maabara. Hospitali nyingi nchini zina hadubini zenye taa za LED zinazoonyesha vijidudu vya kifua kikuu viking'aa, teknolojia ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011. Ile ni rangi ya kemikali, auramini, inayopakwa kwenye makohozi yaliyokwisha kukaushwa. Vijidudu vimekufa. Rangi ya namna hiyo ni ya kutambua. Protini ya yavuyavu ni ya kufuatilia maisha.

Pili, taa ina uzito. GFP ni kubwa kuliko baadhi ya protini inazofungwa nazo, na protini iliyofungwa mzigo inaweza kwenda isikokwenda kwa kawaida. Nyekundu ya kwanza ya matumbawe ilikuwa na tabia ya kushikana nne nne, ikavuruga seli mpaka Tsien alipoitenganisha mwaka 2002. Mwanga mkali wa buluu nao huumiza seli inayotazamwa. Utumbo wa mbung'o aliyeshiba damu una mng'ao wake wa asili, kwa hiyo mtafiti asiye makini huweza kushangilia chakula akidhani ni kimelea. Na palipo na uhaba wa oksijeni, protini haiwaki kabisa, hata kama jeni ipo na inafanya kazi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwa watu wa Mara: taa inaonyesha kinachowezekana, haisemi kinatokea mara ngapi. Bristol mbung'o hulishwa vimelea vya aina mbili kwa makusudi, kwenye mlo wa kwanza wa maisha yake, wakati ambapo ni rahisi kuambukizwa. Porini, mbung'o wenye *T. brucei* aliyekomaa kwenye tezi za mate ni wachache mno, na wenye aina mbili kwa pamoja ni wachache zaidi. Utafiti wa Harriet Auty na wenzake, akiwemo Imna Malele wa taasisi ya wadudu waenezao magonjwa iliyopo Tanga, uliochapishwa mwaka 2012, ulipima maelfu ya mbung'o wa Serengeti, na kimelea cha malale ya binadamu kilionekana kwa nadra kubwa. Matokeo hayo hayapingani na yale ya Bristol. Ni majibu ya maswali mawili, na lile la pili halijibiwi kwa hadubini bali kwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, watu wa kuikagua kila siku, na gari lenye mafuta.

Idadi ndogo pia haitoshi kumfanya mtu alale usingizi. Desemba 1998 malale ilizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo haikuwapo. Eric Fèvre na wenzake walipofuatilia, nyayo ziliwapeleka kwenye mnada wa ng'ombe: mifugo iliyoletwa kutoka maeneo yenye ugonjwa iliuzwa bila kutibiwa, na mbung'o waliokuwapo wakafanya yaliyobaki. Sirari na Isebania iliyo upande wa Kenya ni miji ya biashara, na ng'ombe huvuka huko kwa njia rasmi na kwa njia za panya. Dozi moja ya Berenil kabla ya kuuzwa ni nafuu sana ukilinganisha na gharama ya kumtibu mtu mmoja wa malale iliyofika kwenye ubongo.

Je, kazi ya taa inaweza kufanyika hapa hapa? Kisheria inawezekana, ingawa kimelea chenye jeni ya yavuyavu ni kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, na Tanzania ina kanuni zake za usalama wa teknolojia hiyo tangu 2009. Kiufundi mfano upo. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, zikishirikiana na Imperial College ya London, zimejenga chumba cha milango inayofuatana ambamo mbu wa malaria wenye jeni zilizobadilishwa wametengenezwa na kupimwa dhidi ya vimelea vya wagonjwa wa Kitanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Katika fani hiyo kwa kawaida mbu aliyepokea jeni mpya hutambulika kwa macho yake, yanayong'aa chini ya mwanga wa buluu.

Kwa mbung'o bado. Tanga kuna ujuzi wa kuwafuga, uliojengeka kiasi kwamba mbung'o madume waliofanywa tasa na kuachiwa Unguja kati ya 1994 na 1997 walizalishwa huko, na kisiwa kikasafishwa. Kinachohitajika ni hadubini ya mwanga wa buluu iliyo karibu na mabanda yale, umeme usiokatika, na ruhusa ya kufuga kimelea chenye taa. Vikipatikana hivyo, maswali yanayoihusu Mara yataulizwa kwa vimelea vya Mara vya leo, vinavyopita kwa nyati na ng'ombe wa mwaka huu. STIB 247 alitoka Serengeti miaka zaidi ya hamsini iliyopita, na tangu hapo amekuwa akiishi kwenye chupa.